Alifika Saa ya Kufunga

Njooni jioni, huwaambia wote.
Jioni mguu umeshatembea siku nzima,
umevimba kidogo, hauwezi tena kudanganya.
Kiatu cha asubuhi ni uchumba;
cha jioni ndicho ndoa.

Bárður alikuja jioni, ila hakuja kununua.
Mvua ya Fuglafjørður, ile inayonyesha kwa ubavu,
ilimsukuma mlangoni, mfuko wa plastiki kifuani.
Ndani yake njumu za kaka yake Tróndur,
yule aliyekwenda Denmaki kusomea mitambo ya meli
akaacha chumba, baiskeli, na jezi namba sita.
"Rannvá, zipanue kidogo tu.
Mechi ni Jumamosi."

Kaa. Vua.
Akasita.
Nimeuza viatu miaka ishirini na mitatu kando ya bandari hii,
najua kusita kwa aina mbili:
kwa soksi iliyotoboka,
na kwa maumivu anayofichwa mama.

Soksi ilikuwa nzima.
Ilipofika kisiginoni iligoma, imegandana na ngozi.
Niliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, polepole,
lengelenge likajitokeza, limepasuka, jekundu kama samoni.
Na kucha ya kidole gumba aliikata mviringo,
pembe yake imezama nyamani.
"Kata mstari ulionyooka. Kucha haitaki urembo."

Adhabu ya kiatu aijuaye mvaaji,
na mvaaji huyu alikuwa ameapa kutotoa ushahidi.

Basi nikavua changu cha kushoto,
nikaupandisha mguu kitini.
Tazama: kidole cha pili kimempanda jirani
kama mgeni aliyekosa nafasi.
Fainali ya mpira wa mikono, miaka kumi na tisa yangu,
viatu rangi ya fedha, pungufu nusu saizi,
vya mwisho dukani, na nilivitaka.
Kombe tulilichukua. Lipo kabatini klabuni, lina vumbi.
Kidole ninacho mimi.

Hakucheka. Alikiangalia mno.

Nikamsimamisha kwenye kipimo, mguu huu, kisha huu,
maana miguu si mapacha, ni ndugu tu,
na kiatu humfuata mkubwa.
Kulia arobaini na mbili.
Kushoto arobaini na mbili na nusu.
Njumu za Tróndur: arobaini na moja.

Akaniomba nirudie.
"Ina maana nimempita?"
"Mguuni, ndiyo. Mengine sijui."
Aligeukia dirisha, ingawa nje
hapakuwa na kitu ila taa ya gati na mvua.

Nilimletea jozi nyeusi, isiyo na mbwembwe,
njumu fupi, nyingi,
kwa sababu uwanja wetu ni nyasi za plastiki juu ya mwamba,
na njumu ndefu hung'ang'ania chini
pale goti linapotaka kugeuka.
Vaa na soksi za mechi, si hizo za shule.
Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole changu gumba.
Kisigino kisipande.
Wala usiniambie vitalegea:
kiatu kinachongoja kulegea
hula mguu kwanza.

Alikimbia kutoka kaunta hadi kwenye mabuti ya wavuvi,
akarudi, akageuka ghafla, akarudi.
Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezimiwa kelele
aliyokwisha kuizoea.

Nusu ya bei alilipa. Nusu nyingine
atanikatia nyasi za paa mwezi wa Juni.
Nikamfunga kidonda, nikamwagiza
akaushe katikati ya vidole, kila siku, kama anayekausha vikombe,
na Jumamosi akae benchi.
Hilo la benchi alilipinga hadi mlangoni.

Kisha akarudi.
"Una magazeti ya zamani?"
Akachukua mawili, akayafinyanga,
akayasokomeza ndani ya njumu za kaka yake
mpaka ncha kabisa, kwa uangalifu.
"Zisikauke na mikunjo," alisema.
"Atazitaka akirudi."